Kijitabu kizima kichwa chini, halafu eti "kigeuze tu"!

MwanaNgamiani:
Wana Tanga, yule bwana wa steshenari mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kijitabu cha mkutano mkuu wa kikoba, kurasa 24, nakala 60, na kila karatasi upande wa pili uko kichwa chini. Akiulizwa, hata macho hayatoi kwenye simu: "Kigeuze tu, mbona kinasomeka."

Kigeuze tu! Wallahi hasira hizi zinatosha kuchemsha bahari kutoka Raskazone mpaka Pemba.

Hakigeuziki! Karatasi ya nje ya kijitabu cha kurasa 24 ina ukurasa wa 24 kushoto na wa 1 kulia. Mgongoni kwake ni wa 2 na wa 23. Printa ikigeuza karatasi kwa upande mrefu, nyuma ya ukurasa wa 1 unakuja wa 23, tena umepinduka, na wa 2 umekimbilia nyuma ya wa 24. Mzee wa watu anafungua atafute ajenda, anakutana na orodha ya wadaiwa, miguu juu. Akikigeuza, ukurasa wa 3 ulio mkabala nao ndio unapinduka. Sasa ageuze mara ngapi?

Ni kuchagua kitu kimoja tu kwenye printa: flip on short edge. Upande mfupi! Unatoa nakala moja, unaikunja, unaifungua, ndipo unaruhusu zilizobaki. Yeye kamwaga karatasi 360 bila kutazama hata moja. Halafu "kigeuze tu".

Na jedwali la hisa? Safu ya Jumla imekatwa, imetupwa ukurasa wa peke yake, haina jina la mwanachama hata mmoja. Kwingine alama za #### tupu, kwa kuwa safu ni nyembamba kuliko tarakimu. Naambiwa nigeuze!

Bint_Makorora:
Pole yakhe, lakini nani kakutuma upeleke Excel steshenari? Kila kitu kinageuzwa PDF nyumbani. Word ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti yako, mistari inahama, ukurasa mmoja unazaa wa pili, na hesabu yako ya kugawanyika kwa 4 (kila karatasi ikikunjwa inabeba kurasa nne) imekufa. Hapo umejitakia.

MwanaNgamiani:
Dada, PDF ilikuwemo humo humo kwenye flashi! Mafaili matano yamepangwa 01 hadi 05 yakaunganishwa kuwa moja, jina lake CHAPA_HII. Yeye kaiacha, kafungua Excel. Na bado mdomo wa kusema kigeuze tu anao.

Sahare_Pwani:
Kijana, punguza jazba. Hata angegeuza sawasawa, jedwali lisingesomeka. Ukurasa wa A4 ukishushwa kuwa A5, yaani nusu ya karatasi iliyokunjwa, upana na urefu wake unabaki asilimia 71 hivi. Kama Excel ilishabana safu zote ziingie ukurasa mmoja kwa asilimia 50, herufi ya ukubwa wa 11 inafika chini ya 4. Nani atasoma hiyo? Weka karatasi A5 ndani ya Excel yenyewe tangu mwanzo, upana uwe ukurasa 1, urefu uachwe wazi, na mstari wa vichwa urudiwe kila ukurasa. Jedwali likiwa pana mno, ligawe mara mbili ulilaze kurasa za 12 na 13. Pale katikati ni karatasi moja isiyokatika, mistari inakutana bila kuachana. Kwingine kote kurasa mbili zinazotazamana zimetoka kwenye karatasi tofauti, mistari haiwezi kulingana.

Bint_Makorora:
Shikamoo mzee. Na namba za kurasa je? Excel inaanza tena 1 kila faili.

Sahare_Pwani:
Marahaba mwanangu. Kwenye Page Setup kuna First page number. Word ikiishia 14, andika 15 pale. Au uache namba zote, uziweke kwenye PDF ikishaunganishwa.

MwanaNgamiani:
Yote sawa mzee, lakini KIGEUZE TU?

Chumbageni_Kwetu:
Bwana Kigeuze, tumekusikia, hata majirani wamesikia. Huyo wako ana afadhali. Wa huku kwetu hana stepla ya mkono mrefu, basi anapiga pini pembeni, sentimita moja ndani ya ukurasa. Kijitabu hakifunguki, kinajifunga chenyewe, na herufi za mwanzo wa mstari zimemezwa. Pini zinapigwa juu ya mkunjo, mbili, kutoka nje kuingia ndani. Kama stepla haifiki, fungua mdomo wake, laza kijitabu juu ya kadibodi, piga, kisha kunja ncha kwa mgongo wa kijiko. Dakika moja! Wanaona uvivu.

Kange_Stendi:
Pini si kitu. Mimi kinachonichoma ni rimu zinazouzwa kwa jina la gramu 80 (uzito wa karatasi kwa mita ya mraba) na ndani ni 70. Chapa pande mbili uone wino unavyochungulia. Tena zinakwama kwenye printa, lawama anabeba fundi.

Chumbageni_Kwetu:
Utajuaje kwa macho?

Kange_Stendi:
Mzani. Rimu ya A4 ya karatasi 500 za gramu 80 ni kilo 2.5 kasoro kidogo sana. Ya 70 haifiki 2.2. Nenda nayo kwa muuza unga.

MwanaNgamiani:
Jamani uzi huu unahusu kijitabu!

Bint_Makorora:
Kange, kwani mzani wa muuza unga wa Makorora unausadiki? Ule wenyewe unahitaji uzi wake.

Kange_Stendi:
Basi pima rimu mbili za maduka tofauti kwenye mzani huo huo. Tofauti ya gramu 300 itaonekana tu hata mzani uwe mwongo.