Kilti ya Idi: gumzo la kikundi cha "Ukoo wa Bi Mwantumu, Tanga"

Idi (Dundee): Shikamooni wakubwa wote. Nina swali la mavazi. Rafiki yangu anaoa mwezi wa tisa, mimi ndiye msimamizi wake. Upande wa bwana harusi wote wanavaa kilti, lile vazi la wanaume wa huku Uskoti. Nikodi au ninunue?

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu. Kilti ndiyo ile sketi ya drafti?

Idi (Dundee): Shangazi, ukiiita sketi huku utagombana na mtaa mzima.

Rehema: 😂😂😂

Bibi Mwantumu: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:41)

Rehema: Kwa wasio na bando: Bibi anasema marehemu Babu alivaa kikoi mpaka siku anaondoka na hakuna aliyemuuliza. Idi avae, ila apige picha.

Mjomba Fundi: Kitambaa gani? Marinda ngapi? Bei?

Idi (Dundee): Shikamoo Mjomba. Kukodi seti nzima, na koti na kile kifuko cha mbele na viatu, ni kama pauni 100, unarudisha. Kununua kilti peke yake: ya sufu, yadi 8, iliyoshonwa kwa mkono, naona kuanzia 500 kwenda juu. Ya sufu, yadi 5, ya cherehani, ni 200 na ushee. Halafu Edinburgh kwenye barabara ya watalii, Royal Mile, zipo mpaka za 40.

Shangazi Zuhura: Arobaini! Maneno yamekwisha, nunua hiyo.

Mjomba Fundi: Zuhura usimwingize mtoto mjini. Hiyo ya 40 ni ya nini?

Idi (Dundee): Akriliki, sufu ya bandia. Na haina mikanda ya ngozi, inafungwa kwa ile gundi ya krichi-krichi ya viatu vya watoto.

Mjomba Fundi: Basi. Akriliki haishiki rinda. Ataketi kwenye kiti nusu saa, akisimama marinda yote yamekwenda. Na pasi ikizidi moto kidogo kitambaa kinang'aa, hakirudi tena. Sufu ukiipiga pasi kwa kitambaa kibichi juu yake, rinda linakaa. Hiyo ya 40 ni nguo ya kupigia picha.

Rehema: Mimi nasema akodi. Siku moja tu, ya nini kuumiza mfuko?

Idi (Dundee): Siyo siku moja dada. Baada ya huyu kuna wenzangu wengine wawili wanaoa. Kuna mahafali yangu. Na kila tarehe 25 Januari kuna chakula cha usiku cha kumkumbuka Robert Burns, mshairi wao, ofisini tunavaa rasmi. Nikikodi mara mbili, hela ya kilti ya cherehani imeshakwenda.

Rehema: Hapo sawa. Nimeondoa pingamizi.

Mama Idi: Kwa nini ya mkono iwe ghali namna hiyo? Mkono una dhahabu?

Mjomba Fundi: Dada, yadi 8 ni zaidi ya mita 7 za kitambaa, nguo ya mtu mmoja. Nyingi zinakunjwa nyuma, mbele panabaki bapa. Kila rinda linashonwa juu kutoka kiunoni mpaka makalioni na linapunguzwa kufuata mwili, na ndani kuna kitambaa kigumu cha kubeba uzito ili marinda yasivutwe chini. Kwa mkono hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Wanamuuzia saa za fundi. Cherehani inafanya haraka, na yadi 5 zinapunguza kitambaa. Hapo ndipo bei ilipoangukia, wala si wizi.

Mama Idi: Kwa hiyo ya cherehani ni mbovu?

Mjomba Fundi: Nimesomesha watoto wanne kwa cherehani, leo niiite mbovu? Mshono wa mashine unaonekana mstari kwa nje ukisogea karibu, basi. Nani atainama kutazama kiuno cha msimamizi? Nitakachotazama mimi ni kitambaa na marinda. Idi, tuma picha ya nyuma na ya ndani. Ya mbele sitaki, mbele zote zinapendeza.

Idi (Dundee): 📷 📷
Ya kwanza duka A, 190. Ya pili duka B, 230. Zote wanasema sufu tupu.

Mjomba Fundi: Ya kwanza hapana. Tazama nyuma: drafti zimeruka, mstari wa rinda moja haukutani na wa jirani yake. Rinda likunjwe mahali ambapo mraba unaendelea, mtu akisimama nyuma yake aone kitambaa kama hakijakatwa. Halafu hii ya kwanza ina pindo chini. Ya pili haina. Kwa nini?

Idi (Dundee): Nimeuliza dukani. Wanasema kilti ya sawasawa haipindwi chini. Wanatumia kingo ya kitambaa yenyewe kama ilivyotoka kiwandani.

Mjomba Fundi: Safi, pindo lingeyafanya marinda yawe mazito chini. Lakini maana yake ni kwamba urefu haurefushwi tena. Ukikosea urefu umekosea. Kiuno unaweza kuhamisha mikanda na bizimu ukapata inchi mbili hivi. Uzito wa kitambaa?

Idi (Dundee): Aunsi 13 kwa yadi. Wana ya 16 pia, ghali zaidi.

Mjomba Fundi: 13 inatosha. Hiyo ni kama gramu 370 kila yadi. Ya 16 waachie wapiga zumari wanaosimama mvuani. Chukua B.

Ami Kombo: Assalaam alaykum. Nilikuwa msikitini. Idi, urefu unaishia wapi? Stara ya mwanamume ni kitovu mpaka magoti.

Idi (Dundee): Waalaykum salaam Ami. Kawaida inaishia katikati ya goti.

Ami Kombo: Na ukiketi?

Idi (Dundee): Inapanda.

Hamisi: Na chini yake mnavaa nini eti? Nasikia 🙈

Mama Idi: Hamisi.

Hamisi: Nimefuta Mama mkubwa.

Idi (Dundee): Ami, duka B wanashona kwa vipimo vyangu. Nitaomba ishuke mpaka chini ya goti, na ndani nitavaa kaptula nyeusi ya kubana. Soksi ndefu zinapanda mpaka karibu na goti.

Ami Kombo: Hapo hamna neno. Na kile kifuko, uliza ngozi ya nini.

Idi (Dundee): Nitachukua cha ng'ombe, nimeshauliza.

Shangazi Zuhura: Rangi sasa. Chukua nyekundu, upendeze.

Idi (Dundee): Hapo ndipo ninapoogopa. Nasikia kila ukoo una tartani yake, yaani mpangilio wake wa rangi za drafti. Nisije nikavaa ya watu.

Mwalimu Shaaban: Usiogope, hakuna sheria inayokukataza. Sheria ya kukataza kilti ilikuwepo zamani: mwaka 1746, baada ya vita vya Culloden, serikali ya London iliwapiga marufuku wanaume wa Uskoti kuivaa, ikafutwa 1782. Na hizi za ukoo fulani na ukoo fulani, nyingi zilipangwa baadaye. Mfalme George IV alipozuru Edinburgh mwaka 1822, kila mkubwa alitaka ya kwake, na wafumaji kama Wilson wa Bannockburn walifanya biashara nzuri. Siku hizi kuna daftari rasmi la serikali la tartani tangu 2009, hata miji na makampuni wameandikisha.

Idi (Dundee): Mwalimu umenipa nguvu. Dundee wenyewe wana ya mji. Ila duka linasema kitambaa chake ni cha kuagiza, bei inapanda. Kwa bei ya 230 zipo chache tu: Royal Stewart, ndiyo hiyo nyekundu ya Shangazi, Black Watch, na nyingine mbili tatu.

Mwalimu Shaaban: Black Watch basi. Kijani, buluu na nyeusi, ilikuwa ya jeshi. Enzi za marufuku walioruhusiwa kuvaa kilti ni wanajeshi. Yeyote anaivaa.

Shangazi Zuhura: Giza tupu! Haya, mwenye nguo ni yeye.

Mjomba Fundi: Vipimo. Kiuno?

Idi (Dundee): 34.

Mjomba Fundi: Hicho ni cha suruali. Kilti inakaa juu, kwenye kitovu. Mwite unayeishi naye akupime, usijipime mwenyewe, ukiinama urefu unadanganya. Kiuno kitovuni, makalio palipo panene, urefu kutoka hapo kitovuni mpaka unapotaka iishie. Simama wima, usibane tumbo.

Idi (Dundee): Kitovuni 37. Makalio 41. Urefu 26, na hiyo ni ya Ami Kombo tayari.

Mama Idi: 37! Unakula nini huko?

Mjomba Fundi: Mwandikie mwenye duka vipimo vyote vitatu, na umwambie marinda yafuate mraba. Aandike kwenye risiti. Na ile pini ya pembeni iguse kipande cha nje tu, kile kinachofunika mwenzake kwa mbele. Ukiibana na cha ndani, siku utakapoketi itachana.

Idi (Dundee): Nimelipa. Wiki sita.

Shangazi Zuhura: Viatu nakununulia mimi. Nitumie bei, siyo ya Royal Mile.

Rehema: Shangazi kashatoa ahadi, nimeiandika. Na kwa kuwa wote mko macho: mchango wa kisima, bado watu wanne. Nitataja majina saa mbili usiku.

Hamisi: Mtandao unasumbua huku jamani