Tokeni za shaba za Uingereza: nianze na Anglesey, Wilkinson au Spence?

Shaba_Tupu: Nataka tokeni, yaani vipande vya shaba vilivyotolewa na watu binafsi badala ya sarafu za serikali, za miaka ya 1787 hadi 1797, ila mfuko hauruhusu zote. Kati ya peni za Parys Mine Company, kampuni ya machimbo ya shaba ya kisiwa cha Anglesey, Wales, nusu peni za John Wilkinson na zile za Thomas Spence, muuza vitabu wa London, nianze na zipi?

Lenzi10: Anglesey, bila kusita. Peni ya 1787 ina kichwa cha kuhani wa Kidruidi (dini ya kale ya Waselti) ndani ya shada la mwaloni. Ilikusudiwa kubeba wakia nzima ya shaba, takriban gramu 28, kwa hiyo mizani ndogo ya dijitali inakupa jibu la kwanza. Iliyochakaa hupungua kidogo. Ikisoma 22, irudishe. Zilighushiwa tangu zama hizohizo, na mghushi faida yake ilikuwa kubana shaba.

Ukingoni: Uzito peke yake haukulindi. Ukingo umeandikwa kwamba italipwa London, Liverpool au Anglesey. Muuzaji akikutumia picha za pande mbili tu, dai ya tatu. Ya bandia iliyomiminwa kwenye kalibu utaijua kwa mshono unaozunguka ukingo na vitundu vidogo kwenye herufi.

Hata hivyo mimi ningeanza na Wilkinson. Serikali ilikuwa haijapiga nusu peni tangu 1775, chenji ikaadimika, naye akatumia hizi kulipa vibarua wa viwanda vyake vya chuma. Zilizunguka kweli, zimebaki nyingi, na migongo yake ina kiwanda, meli au Vulcan, mungu mhunzi wa Warumi, ameketi. Bei ya kosa ni ndogo.

Bi_Katalogi: Spence mwache kabisa kwa sasa. Alioanisha mihuri ya kupigia sarafu apendavyo, uso wa hii na mgongo wa ile, ili wakusanyaji wanunue zaidi. Bila katalogi ya Dalton na Hamer, inayoorodhesha tokeni hizi kwa kaunti (mikoa ya Uingereza), utapotea. Na ukinakili namba, tanguliza kaunti: hesabu huanza upya kila kaunti, namba tupu haisemi kitu.

Shaba_Tupu: Wilkinson basi. Niliyoiona ina ukijani. Niipige dawa ya kung'arishia shaba?

Lenzi10: Thubutu! Shaba iliyosuguliwa hupata wekundu wa bandia na hakuna mkusanyaji atakayeitaka. Ukijani mgumu uliotulia uache. Ukiwa mwororo, wa unga, na unarudi baada ya kuutoa, hiyo ni kloridi inayokula shaba: itenge na nyingine.

Bi_Katalogi: Uchafu wa kawaida: loweka kwenye maji yaliyotoneshwa (distilled), badilisha kila siku, toa mabaki kwa kijiti cha meno cha mbao, si sindano. Kisha asetoni safi. Ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi ina mafuta na manukato. Usifute, gusagusa tu kwa pamba.

Ukingoni: Na usiirudishe kwenye vifuko laini vya plastiki ya PVC. Vinatoa ute wa kijani, hasa penye joto na unyevu wa pwani. Bahasha ya karatasi isiyo na asidi inatosha, na pakiti ya silika ya kunyonya unyevu ndani ya boksi.