Tkinter, PySide au Electron: nianze na ipi?

Dirisha_Tupu: Wakuu, habari zenu. Programu zangu zote mpaka leo ni za kuandika amri. Sasa natakiwa kutengeneza yenye madirisha na vitufe. Nimebakiza zana tatu za kutengenezea madirisha: Tkinter, PySide na Electron. Ipi ina mafunzo ya kueleweka?

mzee_wa_pointa: Ya kufanya kazi gani? Kwa lugha ipi? Itauzwa? Au tupige ramli?

Bi_Pikseli: Tkinter. Kwa kawaida inakuja na Python yenyewe. Wanaoicheka sura yake hawajagusa ttk, sehemu yake yenye vitufe vya sura nzuri zaidi. Kwa kupanga vitu dirishani, jifunze njia ya grid mapema, ile ya pack itakuchosha.

kamba_nne: Electron mkuu. Ukijua HTML na CSS, lugha za kurasa za wavuti, kazi imepungua sana. VS Code, kihariri cha msimbo, imejengwa humo humo.

mzee_wa_pointa: Na kila programu inabeba kivinjari chake cha Chromium pamoja na Node.js ya kuendeshea JavaScript. Kikokotoo chenye kivinjari kizima mgongoni! Afadhali Tauri, zana ya aina hiyo hiyo, inatumia injini ya kivinjari iliyomo kwenye mfumo.

kamba_nne: Ndiyo maana kwenye Windows unapata injini ya WebView2, kwenye Mac unapata ya WebKit, na ukurasa ule ule unaonekana tofauti. RAM ni ya kutumika, mzee.

nyuzi_mbili: Mnabishana majina tu. Mimi nilikabidhiwa programu ya ofisi fulani, imeandikwa kwa Qt, maktaba ambayo PySide inaitumia, inapendeza kweli kweli. Ukibonyeza Hifadhi, dirisha linaganda, linapauka, Windows inasema haijibu. Karani anadhani hajabonyeza, anarudia. Anarudia tena. Ile mibonyezo inasubiri foleni, kisha yote inatekelezwa: rekodi moja inaingia mara tatu. Wakalaumu hifadhidata, wakabadilisha kompyuta, shida ikabaki pale pale. Kumbe aliyeiandika aliweka kazi ya mtandao kwenye uzi (thread, mkondo wa utekelezaji) ule ule unaochora dirisha. Nikaihamishia uzi wa pembeni, kitufe nikakizima mpaka jibu lirudi. Somo lolote lisilogusa hili, lifunge.

Bi_Pikseli: Kweli. Kwa Tkinter tumia foleni, na after() ya kuikagua kila baada ya muda, usiguse vitufe kutoka uzi mwingine.

Dirisha_Tupu: Samahani wakuu. Ni Python, Windows, fomu za kuingiza rekodi. Itauzwa, na msimbo sitautoa.

mzee_wa_pointa: Hilo ndilo ungeanza nalo! PyQt, njia nyingine ya kutumia Qt kwa Python, ni GPL, leseni inayodai utoe msimbo, au ununue leseni ya biashara. PySide ipo chini ya LGPL, leseni iliyo legevu zaidi, unaweza kuuza ukifuata masharti yake, yasome. Mafunzo mengi ni ya PyQt lakini yanahamishika: jina pyqtSignal linakuwa Signal, na mengine madogo madogo.

mstari_mnyoofu: Hakuna aliyetaja usanifu. Soma kanuni kumi za 1994 za Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, ni fupi. Na kanuni ya Fitts, 1954: kitu kidogo kilicho mbali kinachelewa kufikiwa. Halafu mtu anaweka Futa ubavuni mwa Hifadhi.

kamba_nne: Chora kwanza kwenye Figma, zana ya kuchorea sura ya programu.

Bi_Pikseli: Figma kwa fomu ya rekodi? Karatasi na penseli. Panga mfuatano wa Tab, karani hagusi kipanya.

kamba_nne: Na uweke mandhari ya giza.

mstari_mnyoofu: Kwa mtu anayenakili kutoka karatasi nyeupe siku nzima? Macho yatamuuma.

kamba_nne: Yangu hayaumi.

Dirisha_Tupu: Kwa hiyo PySide? Na dirisha nilipange kwa Qt Designer, zana ya kuburuta vitu mahali pake, au niandike kwa mkono?

mzee_wa_pointa: Kwa mkono.

Bi_Pikseli: Designer. Usimsikilize.