Serikali ikifungwa, na tovuti nazo zifungwe?

Mtoa mada: Wadau mnaoishi Marekani nisaidieni. Oktoba 2013 Kongresi walivutana bajeti ikakwama, serikali ikafungwa siku 16, na mimi ndo nilikuwa nakimbizana na tasnifu. Nafungua tovuti ya takwimu niliyozoea, majedwali yote hamna, kuna tangazo tu kwamba hela imekata. Sasa hilo tangazo si linatoka kwenye seva inayokula umeme? Si wangeacha kurasa kama zilivyo, waandike juu haziguswi kwa sasa? Mi naona ilikuwa kukomoana tu.

Mchangiaji 1: Mkuu hiyo ni sheria, inaitwa Antideficiency Act. Ofisa haruhusiwi kutumia hela ambayo Kongresi haijaidhinisha, na huwezi hata kujitolea kufanya kazi bure, labda maisha ya watu au mali ziwe hatarini. Waraka wa ofisi ya bajeti ya Ikulu mwaka huo ulisema kabisa, hata kama kuzima ni gharama kuliko kuacha, hiyo siyo sababu ya kuacha.

Mtoa mada: Yaani unatumia hela kuzima ili usitumie hela 😂 haya.

Mchangiaji 2: Cheka tu. Ile ya 2018 kuingia 2019, siku 35, tovuti kibao ziliachwa hewani, vyeti vya usalama (vinavyoithibitishia brauza kuwa tovuti ni yenyewe) zaidi ya 80 vya tovuti za serikali, zile za .gov, vikaisha muda na wa kuvihuisha yuko nyumbani hana mshahara, brauza inakutolea onyo, kuna nyingine ikakataa kabisa usiingie. Tovuti bila mtu ni duka liko wazi mwenyewe kasafiri.

Mchangiaji 3: Mbona 2013 NASA, wale wa anga za juu, walifunga yao, hadi kamera ya mtandaoni ya panda wa bustani ya wanyama ya Washington ikazimwa, ila za idara nyingine zikabaki? Kila mtu na tafsiri yake ya sheria hiyohiyo.

Mtoa mada: Ndo hapo. Penye kulogini na kujaza fomu wafunge, hilo la vyeti nimelikubali. Lakini jedwali la kusoma tu linadukuliwa nini? Na cheti si unalipia kabla, tarehe ya kuisha si unaijua? Mi niliokolewa na flashi ya jamaa wa darasani, alishazishusha takwimu hizo mwezi wa nane kwa shughuli zake. Za kaunti tatu tu. Tasnifu ikawa ya kaunti tatu.