Naomba ushauri: Mwanza hadi Kigali, kurudi kupitia Uganda, gari la usukani wa kulia

Mwanaziwa
Wakuu habari za leo. Mwezi ujao tunakwenda Kigali kwa gari binafsi, watu wanne. Njia: Geita, Biharamulo, Lusahunga, Benako, Rusumo (mpaka wa Rwanda). Kurudi tunazungukia Gatuna (mpaka wa Rwanda na Uganda), Kabale, Mbarara, Masaka, tunaingia Mutukula (mpaka wa Uganda na Tanzania) na kushuka Bukoba. Gari ni Rav4 ya zamani kutoka Japani, usukani kulia, taa za halojeni. Kadi ya gari ina jina la kaka yangu na orijino iko benki kwa sababu ya mkopo. Bima ni ile kubwa. Naomba kujua mambo matatu: karatasi, kuendesha upande wa kulia kule Rwanda, na sheria za mwendo.

Tairi Mbele
Bima kubwa si inatosha mkuu? Nenda tu.

Wakala wa Mpaka
Haitoshi. Bima ya Tanzania inaishia mpakani. Nenda kwa kampuni iliyokukatia, waombe kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika). Tanzania haimo COMESA ila imo kwenye mpango wa kadi hiyo, na Rwanda na Uganda zimo pia. Kabla hujaondoka dirishani soma vitu viwili: tarehe ziwe zinabeba safari nzima pamoja na siku za dharura, na nchi zote mbili ziwe zimeruhusiwa kwenye kadi yenyewe. Watu hutaja Rwanda wanasahau nchi ya kurudia.

Kadi hiyo inalipa madhara ya mtu wa tatu kwa kiwango cha sheria ya nchi ajali ilipotokea, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Bati la gari lako halimo. Kama unataka bima kubwa ikufuate, omba nyongeza ya maandishi kwenye mkataba. Ahadi ya mdomo ya wakala haina kazi ukiwa Kayonza, ndani ya Rwanda.

Kwa kadi ya gari iliyo benki: barua ya benki inayokubali gari kutoka nje ya nchi na nakala ya kadi iliyothibitishwa. Kwa kuwa jina ni la kaka, ongeza barua yake iliyogongwa muhuri wa wakili, itaje jina lako, namba ya pasi, namba ya gari, namba ya chesisi, nchi zote mbili na tarehe. Barua inayosema "nimemruhusu atumie gari langu" bila kutaja nchi ndiyo inayorudisha watu.

Rusumo ni kituo cha mpakani cha pamoja cha nchi mbili. Ukitoka Tanzania, taratibu za kutoka na za kuingia zote unazimalizia upande wa Rwanda, kwa hiyo usipoteze muda kupanga foleni ofisi za upande wa Tanzania. Uhamiaji kwanza, halafu forodha kwa kibali cha kuingiza gari kwa muda. Kagua tarehe ya mwisho ya kibali palepale dirishani. Muda ukipita, gari linahesabika kama limeingizwa bila ushuru, na hapo maelezo hayasaidii. Siku ya kutoka, hakikisha kibali kimefungwa kwenye mfumo.

Kona Kali
Upande wa kulia wenyewe si mgumu pale daraja la Rusumo. Kuna vibao, mishale na lori mbele yako la kufuata. Ugumu unakuja baadaye, akili ikishatulia. Sehemu za hatari ni hizi: ukitoka sheli, ukitoka getini asubuhi barabara ikiwa tupu, na ukikata kushoto. Kule kona ya kushoto ndiyo ndefu, unavuka njia ya wanaokuja. Ya kulia ndiyo fupi. Mwili utataka kufanya kinyume.

Kipilefti unazunguka kinyume cha mshale wa saa, unatazama kushoto kabla ya kuingia. Makutano yasiyo na alama yoyote, anayetokea kulia kwako ana haki ya kwanza, hata kama njia yake ni ndogo.

Kupita magari ndiyo kazi nzito kwa usukani wako. Unakuwa umekaa upande wa ukingo wa barabara, hivyo ukimfuata semi kwa karibu huoni kitu. Kaa nyuma kuliko ulivyozoea, kiasi cha kuona barabara pembeni yake bila kuchungulia. Kwenye kona inayopinda kulia utaona mbele kupitia upande wa ndani wa lori. Inayopinda kushoto usijaribu kabisa. Abiria wa mbele awe utingo: aseme "lipo" au "halipo". Neno "pita" asiseme, uamuzi ni wa dereva. Na saiti mira ya kushoto ndiyo yenye kazi sasa, irekebishe kabla ya Rusumo.

Barabara ya Rusumo, Kirehe, Ngoma, Kayonza hadi Kigali ni kama kilomita 160, ina vilima na mstari usiokatika mwingi. Mabasi ya abiria yamefungwa vidhibiti mwendo vya 60, kwa hiyo utabanwa nyuma yao na hamu ya kupita itakujia. Vumilia.

Fundi Taa
Mmesahau taa. Gari la Japani limetengenezwa kwa upande wa kushoto: mwanga wa chini unapanda kidogo kushoto ili umulike waenda kwa miguu. Rwanda, kushoto ndiko wanakotokea wenzako, kwa hiyo unawapiga machoni hata bila full.

Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani usiku, washa taa za chini, utaona ngazi inayopanda kushoto. Bandika kipande cha tepu nyeusi kwenye kioo, kisogeze hadi ngazi ipotee na mwanga ubaki mstari ulionyooka. Fanya taa moja huku nyingine umeifunika, maana zikiwaka zote mbili hujui unasahihisha ipi. Weka alama ndogo kwa kalamu, kisha ubandue; utabandika tena Rusumo. Kile kirungu cha kushusha taa kinasaidia kidogo, lakini ngazi inabaki palepale, inashuka tu. Kioo cha taa zako ni plastiki, tepu ikikaa wiki kwenye joto la halojeni inaacha gundi.

Tairi Mbele
Si awashe zile ndogo tu?

Fundi Taa
Vilimani usiku, na baiskeli zisizo na taa? Hapana.

Mama Safari
Kuhusu mwendo: huku kwetu unaviziwa na tochi kwenye kibao cha 50 kijijini, faini 30,000 kwa kosa, mambo yameisha. Rwanda ni kamera, za kudumu na za kuhamishwa, wenyewe wanaziita Sofia. Vibao vinabadilika 40, 60, 80 ndani ya kilomita chache, na 80 ndio mwendo wa juu wa kawaida. Usifuate kasi ya gari la mbele, fuata kibao. Kwenye pundamilia simama kweli. Na usimpe trafiki "ya soda"; kule unashitakiwa.

Angalia kalenda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni Umuganda, yaani kazi za pamoja za jamii, saa 2 hadi saa 5 asubuhi magari hayatembei ovyo. Kigali, Jumapili mbili kila mwezi baadhi ya barabara kubwa hufungwa asubuhi kwa ajili ya mazoezi. Saa ya Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, rekebisha simu. Mifuko ya plastiki toa kwenye buti mapema.

Beba pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto ambao haujaisha muda, na sanduku la huduma ya kwanza.

Mwanaziwa
Nawashukuru sana. Tepu niitoe Gatuna au nisubiri Mutukula?

Fundi Taa
Gatuna hapohapo. Uganda ni kushoto kama kwetu, ukiacha tepu unajinyima mwanga upande wa waenda kwa miguu.

Kona Kali
Na utingo asiachishwe kazi mpaka Kabale. Umeshazoea kulia siku kadhaa, kosa la kurudi kushoto ni lilelile, na ile barabara ya milimani haina nafasi ya kujirekebisha.