Yule fundi wa ovafenda, Mungu anamuona!

Wakuu, naandika nikiwa nimepaki pembeni ya barabara hapa Mlandizi. Mkono mmoja simu, mwingine nimeshika ovafenda ya mbele kushoto, ile plastiki ya kupanua madigadi juu ya tairi, kama mtu aliyeokota bawa la ndege.

Jina sitaji. Mnamjua. Yule wa chini ya mwembe, mwenye maneno mengi kuliko spana.

Juzi nilimpelekea Hilux yangu. Nimeivalisha matairi ya 285, yametokeza nje ya bodi, nikipita kwenye tope nalioga mpaka kioo cha dereva. Nikanunua ovafenda, pisi zote 4, na mfuko wake: bolti, klipu, raba ya ukingoni isikwangue rangi. Nikamkabidhi, nikaenda kula chipsi mayai. Narudi, kamaliza! Madigadi 4 kwa sahani moja ya chipsi, na mimi badala ya kushtuka nikamwongezea hela ya soda.

Leo naenda ukweni Morogoro, niko sabini tu, nasikia PRAAA! Nacheki kioo, kitu cheusi kinapaa juu ya bodaboda kama mwewe kaona kifaranga. Abiria karuka peke yake, boda kaendelea. Nampigia fundi huku nahema, unajua kaniambia nini?

"Bosi, kwani ulikuwa spidi ngapi?"

Spidi ngapi! Mimi!

Nikachungulia ndani. Bolti hata moja hamna. Kaweka dabo tepu, nadhani ya kubandikia kioo cha bafuni, juu ya vumbi. Vumbi lote limehamia kwenye tepu kama mkate uliopakwa karanga. Alipoona haishiki, kapiga skrubu 2 za kuezekea bati, zile zenye kofia ya mpira, katikati ya bodi! Tundu halina praima ya kuzuia kutu wala rangi, na mimi nakaa Kigamboni, chumvi inakula bati huku unaitazama. Mfuko wa bolti nimeukuta kwenye droo ya dashibodi, haujatolewa hata pini.

Halafu spidi ngapi. SPIDI NGAPI!

Chuma Chakavu: Pole mkuu. Ila sabini? Na 285 mpya? Sema ukweli, ulikuwa mia na ishirini.

Mleta uzi: SABINI!

Binti Kiduku: Uzi bila picha. Tunataka kumwona abiria wa boda.

Mzee wa Difu: Kazi yenyewe si ngumu jamani. Seti nyingi za bolti zinafungwa kwenye matundu ya kiwandani, yale yanayoshika plastiki ya ndani ya madigadi, hutoboi kitu. Unajaribisha kwanza bila kufunga, unavisha raba ukingoni, unafuta bodi kwa spiriti. Bolti zote unaziingiza kwa mkono, ndiyo unakaza kidogo kidogo kwa zamu. Ukikaza kwa drili plastiki inapasuka. Ukimaliza unakata usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, uone tairi haligusi. Kama ni ya tepu, usioshe gari siku 3. Na hayo matundu 2 yapige praima leo, usingoje kesho.

Chuma Chakavu: Mwalimu, ulikuwa wapi wakati mwenzetu anakula chipsi?

Mleta uzi: Tundu liko pale pale macho yanapotua. Mama mkwe atauliza.

Kipanga Mzito: Mwambie ulikuwa sabini 😂😂

Binti Kiduku: Wewe unalilia plastiki? Fundi cherehani ana kitenge changu tangu Idi ya mwaka jana. Kila nikienda "dada, nimebakiza vifungo tu". Gauni lenyewe halina vifungo!

Kipanga Mzito: Afadhali wewe unaambiwa vifungo. Wangu ananiambia umeme ulikatika. Cherehani ya miguu!

Binti Kiduku: Subiri. Juzi nimemwona mkewe sokoni kavaa kijani chenye mikia ya tausi. Hicho hicho changu. Kimemkaa vizuri, ndiyo kinachoniuma.

Mama Wawili: Kijani cha tausi? Huyo si wa karibu na mashine ya kusaga? Ana suti ya mume wangu!

Binti Kiduku: HUYO HUYO.

Mama Wawili: Kesho saa 1 asubuhi, kabla hajatoroka. Nani anakuja?

Kipanga Mzito: Nipo. Nakuja na mita yangu.

Mleta uzi: Wakuu, na mimi bado niko Mlandizi. Hakuna mwenye spana namba 10 huku?

Mama Wawili: Kaka, ngoja kidogo. Binti, hicho kitenge ulimpa yadi ngapi?