Njia panda karibu na skuli: tutie tuta wenyewe au tupite kwa sheha?

Mkaazi_Kaskazini: Assalaam alaykum. Njia yetu inaingia barabara ya Chake–Wete, hapa Pemba, penye kona, mkabala na skuli. Gari zinakuja mbio, honda (pikipiki) ndiyo zaidi. Kamati ya shehia imeshachanga saruji, vijana wanataka kumimina tuta Ijumaa. Wengine wanasema tungoje kibali. Kipi kitawakinga watoto mapema?

Fundi_Lami: Waalaykum salaam. Saruji ikae kwanza. Tuta la kienyeji huwa jembamba na kali, sentimita 15 kwenda juu. Honda inalikwepa pembezoni, pale pale wanapopita watoto, na usiku asiyelijua linamwangusha. Tuta linalofaa lina urefu wa mita 3.7 kufuata njia ya gari, kimo sentimita 7.5 hadi 10, rangi na kibao kabla ya kulifikia. Lisizibe mtaro: masika maji yakituama hapo, lami inang'oka. Kisha kuziba barabara bila kibali ni kosa; akiumia mtu, kamati ndiyo itakayoulizwa.

Bi_Kivuko: Ijumaa hiyo fyekeni. Mtoto huvuka mita 7 kwa sekunde 7 hivi. Gari ya kilomita 50 kwa saa, muda huo, imeshakwenda karibu mita 97. Kwa hiyo aione tangu mita 100, kila upande. Chutameni wanaposimama watoto, macho yawe mita moja kutoka chini, mtazame. Michongoma, matawi, mabango, banda la chipsi, chochote kinachoziba kiondoke, na mwenye mali aendewe kwa heshima pamoja na sheha. Ikiwa kona yenyewe ndiyo inayoziba, kufyeka hakutoshi. Hamisheni kivuko hadi barabara inaponyooka, hata watoto wakizidi kutembea kidogo. Daladala nayo isisimame kabla ya kivuko, maana inamficha mtoto kwa gari inayoipita. Isimame ikishakipita, mita 20 au zaidi.

Mpima_Mwendo: Naongeza la ushahidi, kwa sababu barua ya "gari zinakwenda mbio" huishia kwenye faili. Pimeni mita 100 kwa utepe, mtu mmoja kila ncha, saa ya simu. Sekunde 12 ni kilomita 30 kwa saa, 7.2 ni 50, 6 ni 60. Msipime mita 20, kosa dogo la kidole linaharibu hesabu yote. Kaeni mbali na lami; dereva akiona watu na daftari anapunguza mwendo. Pimeni adhuhuri, zamu ya asubuhi inapotoka na ya mchana inaingia. Andikeni pia waliokoswakoswa: saa, upande, aina ya chombo. Barua ya sheha iwe ukurasa mmoja na mchoro, nakala kwa diwani, trafiki wa wilaya, mkuu wa wilaya na ofisi ya barabara. Ombeni mhandisi aje saa hiyo hiyo ya adhuhuri.

Mkaazi_Kaskazini: Ahsanteni sana. Saruji je?

Fundi_Lami: Mimineni slabu za kuvukia mtaro, watoto wapate kutembea ng'ambo yake badala ya kwenye lami. Upana mita 1.2, nondo chini, na zinyanyulike mtaro unaposafishwa. Hizo nazo ziombeni ndani ya barua ile ile, kwani mtaro ni wa barabara.